Spirulina ni bakteria, si mmea

Spirulina, ule unaoitwa mwani ambao heroe wadogo huula katika Ziwa Bogoria na Ziwa Natron, ni bakteria, ingawa hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni kama mimea ifanyavyo. Kinachoamua hapa ni muundo wa seli, wala si rangi ya kijani: seli yake haina kiini kilichozungukwa na utando, DNA yake imo moja kwa moja ndani ya sitoplazimu, na klorofili yake imekaa kwenye tando nyembamba ambazo hazikufungiwa ndani ya kloroplasti, vile vifuko vya seli za mimea vinavyobeba klorofili. Kwa hiyo imo katika kundi la prokariota, yaani viumbe wasio na kiini katika seli, ilhali mimea, wanyama, kuvu na hata ameba mwenye seli moja tu ni yukariota, yaani viumbe wenye kiini. Nafundisha biolojia sekondari, na wanafunzi wakitazama kwa hadubini ngozi ya kitunguu iliyotiwa iodini hukiona kiini cha kila seli kikiwa doa lililokolea. Katika nyuzi za spirulina zilizojisokota, kiini hakipo hata ukuze vipi.

Izingatiwe tu kwamba si kila kiumbe kisicho na kiini ni bakteria, kwa kuwa arkea, viumbe wadogo wa seli moja wanaofanana na bakteria kwa umbo, nao ni prokariota, na mwaka 1977 wanasayansi Carl Woese na George Fox walionyesha, kwa kulinganisha RNA za ribosomu (molekuli zilizomo katika sehemu za seli zinazotengeneza protini), kwamba arkea ni kundi la peke yao.