Kabla Hujamwandikia Askari Mashtaka

Mpwa wangu alitoka Lanet, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi, na kamisheni yake mwaka juzi, na sasa anaongoza platuni. Jumamosi iliyopita tulikaa kwenye kibanda kimoja Kahawa West, mvua ikipiga mabati, yeye na chai ya maziwa, mimi na strungi. Kwa cheo ningempigia saluti, maana nilistaafu nikiwa sajenti meja na yeye ni ofisa. Lakini mezani mimi ni mjomba, ndiyo maana aliniuliza jambo ambalo mesini, kwenye bwalo la maofisa, asingethubutu kuliuliza.

"Mjomba, kuna praiveti wangu ananisumbua. Nimpeleke ndani au nimwache?"

Nilimwambia kwanza kwamba amerukia mwisho. Luteni hapeleki mtu ndani. Chini ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya 2012, ile iliyoondoa sheria ya majeshi ya zamani, Sura ya 199, kosa dogo husikilizwa na kamanda wa kikosi au yule aliyekabidhiwa mamlaka hayo, na kosa kubwa huenda mahakama ya kijeshi, ambayo Katiba inaihesabu miongoni mwa mahakama za chini na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Kamanda wa platuni hayumo humo kama mwamuzi. Alicho nacho ni kitu kidogo kwa macho na kizito mkononi: anaamua kama jambo litapanda au litaishia kwake. Karatasi ya mashtaka ikishaandikwa, hiari imemtoka na imehamia kwenye meza nyingine.

Kwa hiyo saa moja kabla ya karatasi ndiyo saa yako. Itumie kuuliza.

Nikiwa sajenti meja wa kombania tulikuwa na kijana aliyechelewa gwaride Jumatatu tatu mfululizo. Si kwa dakika tano. Alikuwa akiingia getini saa tatu asubuhi wakati wenzake wamekaguliwa saa kumi na mbili. Ofisa wake alikuwa tayari na kalamu. Nikaomba nikae na kijana kwanza. Sikumuuliza kwa nini amechelewa, kwa sababu swali hilo kila askari ana jibu lake mfukoni: matatu iliharibika, mama mgonjwa. Nilimuuliza, "Jumapili usiku ulilala wapi?" Akanyamaza. Nikaangalia mikono yake. Kati ya vidole vya mkono wa kushoto kulikuwa na ule weusi wa noti na sarafu ambao hautoki kwa kunawa mara moja. Kijana alikuwa akifanya umakanga, kukusanya nauli kwenye matatu za Githurai, wikendi nzima mpaka gari la mwisho. Alikuwa amekopa kwenye simu, akakopa tena kulipa ule wa kwanza, mshahara ukifika unaliwa kabla hajauona.

Wengine mtasema basi hapo huruma ilishinda. Hapana, hapo mambo yaliharibika zaidi. Nilikwenda kutafuta sababu ya kosa dogo nikakuta kosa jingine kubwa kuliko lile la kwanza, maana askari hafanyi kazi ya pembeni bila ruhusa. Ukiuliza, uwe tayari kusikia. Huwezi ukajua kisha ukajifanya hukujua.

Nilimpelekea meja wetu mambo yote mawili bila kuficha. Yule meja alikuwa mtu wa maneno machache. Alimshtaki kwa kuchelewa peke yake, akampa zamu za ziada, na kuhusu umakanga akampa onyo mbele yangu, akimweleza wazi kwamba siku ya pili hakutakuwa na onyo. Kisha akamwagiza alete stakabadhi yake ya mshahara na kukaa na ofisa wa maslahi wapange deni lilipwe kupitia chama cha akiba na mikopo. Kijana hakuchelewa tena mwaka ule. Mwaka uliofuata alichelewa mara moja, na matatu ilikuwa imeharibika kweli.

Sasa nisije nikaonekana mtakatifu. Mimi mwenyewe nimesimama upande ule mwingine wa meza.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, nikiwa sajenti mwenye sauti kubwa. Kuruta mmoja alileta bunduki ina vumbi kwenye mtutu. Badala ya kumripoti, nikamwambia aruke chura kuzunguka uwanja, jua la saa saba, na kila akisimama naongeza mzunguko. Nilijiona namfanyia wema, kwani simwandikii mashtaka, rekodi yake inabaki safi. Mzunguko wa nne goti likakataa. Akabebwa hadi hospitali ya kambi, na siku mbili baadaye nikavuliwa kofia na mkanda, nikapitishwa kwa kwata hadi mbele ya kamanda wa kikosi. Ukiwa bila mkanda suruali inajisikia imelegea hata kama haijalegea. Akaniuliza swali moja: "Adhabu hiyo umeitoa kitabu gani?"

Sikuwa na kitabu. Nilikuwa nimeitoa kwa mkufunzi wangu, naye kwa wake, na ukifuata kamba hiyo nyuma kabisa unafika kwa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lililoundwa 1902, ambamo askari Waafrika walichapwa viboko ilhali Uingereza ilikuwa imewaondolea wanajeshi wake adhabu hiyo tangu 1881. Nilipata karipio kali, likaingia kwenye rekodi yangu, na cheo kilichokuwa njiani kikakaa njiani. Lilikuwa halali yangu.

Kwa hiyo ofisa kijana, kumsamehe mtu karatasi hakukupi ruhusa ya kumtesa nje ya karatasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 24, inaruhusu sheria kumpunguzia mwanajeshi haki kadhaa: faragha, kukusanyika, mambo ya vyama vya wafanyakazi. Lakini kifungu cha 25 kinasema kinga dhidi ya mateso na kutendewa ukatili haipunguzwi kwa yeyote, na hakimtengi aliyevaa magwanda. Vivyo hivyo usimtoze askari pesa za mfukoni "tumalizane". Hiyo si hiari ya kamanda, hiyo ni hongo yenye nyota begani.

Jambo la daftari nililijifunza kwa kuchelewa. Nilinunua kijitabu kidogo nikawa naandika kila kosa nililolimaliza bila kulipandisha: tarehe, kosa, nilichofanya, na kwa nini, mstari mmoja tu. Baada ya miezi sita nikakisoma, nikaona aibu. Vijana wa upande wa nyumbani kwetu nilikuwa nimewapa maonyo. Wengine, kwa makosa yale yale, zamu za ziada. Sikuwa nimekusudia. Lakini askari walikuwa wameona zamani. Kantini ndiko hesabu hizi hupigwa, na kule hawasahau.

Na yapo mambo ambayo hayana saa ya kuuliza. Silaha imepotea, risasi imetoka hata kama haikumpata mtu, mtu ameumizwa, mali imeibwa, msichana amesema fulani alimshika: pandisha. Hili la mwisho nalisema kwa uchungu, kwani nimeona wakubwa wakiliita utovu mdogo wa nidhamu na kulimaliza kwa "ombeni msamaha, mshikane mikono". Hakuna aliyekupa hiari ya kusamehe kwa niaba ya mtu mwingine.

Mpwa wangu alikuwa amesikiliza yote hayo chai ikipoa. Ndipo akanieleza praiveti wake ni nani. Ni mzee wa miaka kumi na mbili jeshini. Siku mbili kabla ya hapo mpwa wangu alimwamuru asimame wakaguliwe, naye akajibu mbele ya platuni nzima, "Sawa, msichana," na akasimama polepole kama anayenyanyuka kanisani.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza mimi na sajenti wangu. Akasema kwao wasichana hawatoi amri. Nikampa onyo. Jana akarudia."

Nikamwambia hapa haulizi tena. Ila asiende na hasira ya kutukanwa. Aliyetukanwa ni cheo, na yeye ndiye aliyekibeba siku hiyo, kwa hiyo hawezi kuwa mlalamishi na wakati huo huo mpimaji wa adhabu. Aandike maneno yale yale yaliyosemwa, bila kuyaongezea chumvi, ampe mkuu wa kombania, kisha atoe mikono. Akipewa karipio, sawa. Akipewa zamu za ziada, sawa pia, asiende kunung'unika kwamba ni kidogo.

Jumanne jioni akanitumia ujumbe: "Imepanda, mjomba. Itasikilizwa Alhamisi. Mimi ni shahidi tu."

Nikamjibu apige viatu rangi vizuri, maana hata shahidi huangaliwa miguu.