Fundi Anajibu: Baiskeli ya Siku Nne za Vumbi na Mbigili

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimejiandikisha mashindano ya baiskeli za milimani ya siku nne, wastani wa kilomita 70 kwa siku. Nimepata baiskeli mbili za mtumba kwa bei moja. Moja ina shokapu mbele tu, nyingine mbele na nyuma. Zote ni alumini, matairi inchi 29. Nichukue ipi? (Msomaji, Iyumbu, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Chukua yenye shokapu ya mbele tu. Kwa bei moja, ile ya shokapu mbili lazima imebaniwa mahali pengine: breki, rimu au gia. Tena maungio yake ya nyuma yana bearing kadhaa, na vumbi la kiangazi chetu likiingia humo, fremu inaanza kulia na kucheza katikati ya mashindano. Ni kweli inapumzisha mgongo, na kwenye mashindano ya Cape Epic ya Afrika Kusini, ya siku nane, utaziona nyingi. Lakini waendeshaji wanaoongoza kule wana mafundi wa kuzishughulikia kila jioni. Wewe jioni utakuwa unatafuta ugali na kitanda.

Kabla ya kutoa hela, shika mkono wa pedali uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, bearing za katikati zimekwisha. Bana breki ya mbele, weka kidole pale usukani unapoingia kwenye fremu, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, kumelegea au bearing zimeliwa. Pitisha ukucha kwenye mirija inayong'aa ya shokapu, maana mchubuko unaonasa ukucha hukata sili (mpira unaozuia mafuta) na mafuta yakavuja. Mwisho pima cheni kwa rula, ukihesabu nafasi 24 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mpya ni milimita 304.8. Kwa gia 11 au 12, ikifika 306.4 ibadilishe. Ikikaribia 308, hesabu na bei ya kaseti (seti ya gia za gurudumu la nyuma), kwa sababu meno yake yatakuwa yameshaliwa.

Nunua pia kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma. Kimetengenezwa kipinde ili fremu isipinde, na kila fremu ina umbo lake, kwa hiyo njiani huwezi kuazima cha mwenzako.

SWALI: Mbigili zinanimaliza. Nimeweka matairi ya tyubulesi, yasiyo na tyubu ndani, na maji ya kuziba pancha, lakini la nyuma kila asubuhi nalikuta limelala, na tundu silioni. (Msomaji, Chamwino)

JIBU: Usilitafute tundu kwenye tairi. Sikiliza kwenye matundu ya spoku. Mwiba mrefu wa mgunga hupita kwenye tairi na kutoboa utepe uliobandikwa ndani ya rimu. Tundu la tairi huzibwa, ila upepo unaendelea kutokea chini ya utepe na kuvujia kwenye spoku au pembeni mwa vali. Vua tairi, bandua utepe wote, safisha rimu kwa spiriti, acha ikauke, bandika utepe mpya ukiuvuta kwa nguvu na ncha zake zipishane sentimita 10 hivi.

Maji ya kuziba weka mililita 100 hadi 120 kwa tairi la inchi 29. Kwa joto letu hukauka upesi, basi usiamini uliyoweka miezi mitatu iliyopita. Ongeza mapya siku chache kabla ya kuanza. Upepo, kwa mtu wa kilo 70 na tairi la upana wa inchi 2.35, anzia PSI 20 mbele na 23 nyuma. Kwenye mchanga wa makorongo punguza moja au mbili, usizidishe, la sivyo rimu itagonga mawe.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: tairi likichanika ukalazimika kuweka tyubu, kwanza papasa ndani yote kwa kitambaa. Humo mna vichwa vya mbigili vilivyokuwa vimezibwa kimya kimya, na vitatoboa tyubu hata hujapanda. Kitambaa kinanasa, kidole kinachomwa.

SWALI: Je, mafuta ya injini yanafaa kwa cheni? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Hapana. Ni mazito, yanashika vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta linasaga cheni kama msasa. Tumia mafuta mepesi ya cheni au ya nta. Kila jioni futa cheni kwa kitambaa kikavu, dondosha tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali kinyume mara ishirini, acha usiku kucha, asubuhi futa yote yaliyobaki nje. Maji ya mashine yenye nguvu yasielekezwe kwenye bearing.

SWALI: Vifaa vipya nifunge lini? (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU: Wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari. Waya za gia hulegea kidogo mwanzoni na zinahitaji kukazwa tena. Pedi mpya za breki zinahitaji kuzoeana na diski: endesha kasi ya wastani, bana breki hadi karibu kusimama bila kufunga gurudumu, rudia mara 20 kwa kila breki. Na mafuta ya breki angalia yaliyoandikwa kwenye mkono wake. Ni aina mbili, ya DOT na ya madini, na hayachanganyiki, ukikosea sili zinavimba na breki inakufa.