Rangi ya tangi haifanani na kava za pembeni: namba ya kiwandani peke yake haitoshi

Mkuu, umeeleza kwamba fundi amepiga upya tangi jekundu la Honda XL yako baada ya kuanguka, na ndani ya gereji lilifanana kabisa na kava za pembeni, ila ulipolitoa nje juani likaonekana linaelekea rangi ya chungwa. Umeuliza kama fundi amekudanganya. Kwa miaka niliyopiga rangi pikipiki, tatizo hili nimelikuta mara nyingi, na kwa kawaida hakuna aliyedanganya. Rangi mbili zilizochanganywa kwa poda tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa na zikaachana mara moja chini ya jua. Fundi aliyelinganisha chini ya taa ya dari aliona kweli kwamba zimefanana. Kosa ni kwamba pikipiki haiishi chini ya taa ya dari.

Anza na namba. Honda huweka stika ndogo ya rangi kwenye fremu chini ya siti, yenye jina la rangi na namba yake. Herufi za mwanzo zinakupa familia ya rangi: R ni nyekundu, Y ni njano, PB ni buluu, na NH ni weusi, weupe na kijivu, NH-1 kwa mfano ni ile nyeusi ya kawaida ya Honda. Hiyo ndiyo uende nayo dukani kwa mchanganyaji. Usiende na maneno "nyekundu ya Honda", kwa sababu nyekundu za Honda ni nyingi sana. Kama stika imeng'oka au imefutika, ng'oa kava ya pembeni ukaipeleke yenyewe. Maduka yenye mashine ya kusoma rangi huiweka juu ya kava na kupata fomula ya karibu. Wengine hutumia kitabu cha vipande vya rangi za magari, na mchanganyaji mwenye jicho anafika mbali kwa kitabu hicho.

Sasa, hata namba ikiwa sahihi kabisa, fomula itakupa rangi ya siku pikipiki ilipotoka kiwandani. Yako imekaa juani miaka. Nyekundu ndiyo inayoumia zaidi kwa jua. Fungua siti uangalie sehemu ambayo jua halikufika, uilinganishe na upande wa nje, utashangaa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, piga kava za zamani kompaundi (dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi) mpaka ule ukungu wa juu utoke. Mara nyingi ukiutoa tu, nusu ya tofauti inaondoka. Kinachobaki ndicho cha kumpelekea mchanganyaji, na umwambie waziwazi unataka ifanane na sehemu ipi: ile ya chini ya siti au ile iliyopigwa jua. Ukipiga tangi peke yake, lenga iliyopigwa jua. Ukipiga pikipiki nzima, fuata namba.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka ni rangi ya chini. Nyekundu na njano hazifuniki vizuri. Nyekundu ileile ukiipiga juu ya praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya kijivu inatoka imezama, juu ya nyeupe inatoka kali na kuelekea chungwa. Nahisi hapo ndipo tangi lako lilipopotelea, yaani huenda puti (ile ya kujazia mabonde) ilifunikwa na praima nyeupe na koti, yaani tabaka, za nyekundu zikawa chache. Muulize fundi wako alitumia praima gani, maana kama ni hilo, huenda rangi iliyochanganywa haina tatizo lolote na dawa ni kurudia kazi juu ya praima sahihi.

Ndiyo maana nasisitiza kipande cha majaribio. Chukua kipande cha bati, kipige praima ileile, koti zilezile, klia (tabaka la juu lisilo na rangi) ileile, kwa bunduki ileile na presha ileile. Kiache kikauke, kwa sababu rangi mbichi na iliyokauka si moja, na klia huizamisha rangi kidogo. Kisha kitoe nje, kiweke juu ya kava, ukiangalie asubuhi, saa sita mchana na kivulini. Kiangalie kwa mbele, halafu kwa upande. Usiruhusu tangi liguswe mpaka kipande kile kimekuridhisha juani. Fundi akikataa kazi hii kwa sababu inamchelewesha, tafuta mwingine.

Kwa rangi zenye chenga za fedha (metaliki), mkono wa fundi unabadilisha rangi kuliko fomula. Akipiga kwa unyevu mwingi, chenga zinazama na rangi inakuwa nzito. Akipiga kavu na kwa mbali, zinalala juu na rangi inang'aa kupita kiasi. Kopo moja, mafundi wawili, rangi mbili. Zile za kendi, kama nyekundu ya rubi iliyokuwa kwenye CB750 ya 1969, ni ngumu zaidi: chini kuna fedha au dhahabu, juu yake rangi inayopitisha mwanga, halafu klia. Kila koti ya katikati inaongeza uzito. Hapa tengeneza kipande chenye hatua, sehemu moja koti moja, inayofuata mbili, tatu, nne, uchague hatua inayolingana, na fundi ahesabu koti hizohizo kwenye tangi. Lulu, yaani rangi yenye mng'ao kama wa lulu, nayo inafuata njia hiyo. Kwa kendi na lulu ushauri wangu ni mmoja: usifukuzie kipande kimoja, piga tangi na kava zote kwa pamoja. Gharama inaongezeka, lakini utalala usingizi.

Angalia pia nyuma ya plastiki. Ukiona alama ya PP (polipropilini), hiyo plastiki haishiki rangi bila praima yake maalumu. Itabanduka kama ganda la kitunguu. Madigadi nyingi za pikipiki za vumbi zimetiwa rangi ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo haziwezi kung'aa sawa na tangi hata zikiwa mpya, wala usihangaike kuzilinganisha.

Klia iwe ya hadina (dawa ya kuigandisha inayochanganywa nayo), maana ile ya kuzimuliwa kwa thina tu itayeyuka petroli ikidondoka kwenye mfuniko. Subiri siku kadhaa kabla ya kujaza mafuta. Tafadhali, fundi asipige klia ya hadina akiwa amefunga kitambaa mdomoni. Mvuke wake unaharibu mapafu, na mtu anaweza kupata pumu ya maisha. Anahitaji barakoa yenye vichujio vya kemikali na mahali penye hewa. Kwa mlioko Dar na pwani, msipige rangi ya thina siku za masika hewa ikiwa na maji: inaota weupe, na mtadhani mchanganyaji amekosea.

Kama unawaza kubadilisha rangi kabisa ili kukwepa usumbufu, kumbuka kadi ya pikipiki ina rangi iliyoandikwa, kwa hiyo lazima uibadilishe na kwenye kadi.

Piga picha ya stika iliyo chini ya siti na ya kava mbili ukiwa juani, bila kutumia flashi, uziweke hapa. Nikiona namba nitakuambia ni rangi ya koti moja au ya kendi, na kutoka hapo tutajua kama tangi pekee linatosha kurudiwa.