Nikizima sauti, woga unaisha

SWALI: Dada, shikamoo. Nina miaka 20, naishi Tanga. Kaka yangu amekuja likizo na kompyuta yenye Silent Hill 2, gemu ya kutisha, ile iliyotengenezwa upya mwaka 2024. Mchana nacheza vizuri tu. Usiku nikivaa hedifoni na kuingia kwenye yale majengo ya Wood Side, mikono inatoka jasho mpaka pedi inateleza, na hapo zimwi lenyewe hata sijaliona. Juzi nikazima sauti kabisa. Woga ukaisha palepale, nikawa natembea mle ndani kama niko sokoni. Inakuwaje sauti itishe kuliko zimwi? Au mimi ni mwoga?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Uoga wako ni wa kawaida kabisa, na ulipozima sauti ulikuwa umeshika penyewe.

Tuanze na redio. James, yule unayemchezesha, anaiokota mapema, na kuanzia hapo kitu kibaya kikisogea, redio inakwaruza. Hebu angalia unachoambiwa na ule mkwaruzo: kuna kitu, na kiko karibu. Basi. Kiko upande gani, kina umbo gani, kinakuja au kimesimama kinakusikiliza, hayo unaachiwa ujijazie mwenyewe. Na wewe unajijua kuliko fundi yeyote wa michoro anavyokujua, kwa hiyo unajichorea kile kinachokutisha wewe hasa. Zimwi likishatokea mbele ya tochi, walau umelijua lilivyo. Ndiyo maana jasho linakutoka kabla hujaliona.

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akitafuta stesheni usiku, anazungusha kitufe taratibu, sikio kaliegemeza kwenye spika. Ule mkwaruzo wa katikati ya stesheni kwangu ulikuwa sauti ya amani: baba yupo, mlango umefungwa, habari zinakuja. Halafu nikaja kucheza Silent Hill ya kwanza, ile ya mwaka 1999, ambayo nayo ina redio ya namna hiyo. Baada ya wiki moja, redio ya jirani ilipoteza stesheni nikiwa nafua uani, mwili ukanisisimka mchana kweupe. Gemu ilikuwa imechukua sauti ya nyumbani kwetu na kuipa maana nyingine. Mpaka leo naiheshimu kazi ile.

Ukungu nao unasaidia. PlayStation ya kwanza, mashine iliyochezesha ile Silent Hill ya 1999, haikuwa na nguvu ya kuchora mji hadi mbali, kwa hiyo waundaji wa kampuni ya Konami wakaufunika kwa ukungu na giza. Jicho likawa limezibwa, na kazi yote ikaangukia sikio, ambalo halina kope za kufumba. Na kwenye sikio wakamweka Akira Yamaoka, mtunzi wa muziki. Anachanganya vyuma vinavyogongana na mashine zinazovuma, kiasi kwamba huwezi kusema kama unasikia muziki au kuna kitu kinaburutwa chumba cha pili.

Tena kumbuka ulivyoanza. Ile njia ndefu ya kuteremka kutoka chooni kwenda mjini haina adui hata mmoja. Wengi huona inachosha. Mimi naona ndipo gemu inapolifundisha sikio lako: kimya, na nyayo za James kwenye udongo. Ukishazoea kuzisikiliza, kitu kidogo tu kikibadilika utakijua, hata kama hujui umejuaje.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka gemu ya Amnesia: The Dark Descent ya mwaka 2010, kazi ya Frictional Games wa Sweden. Uko ndani ya ngome, huna silaha yoyote, na unafika kwenye ghala la chini lililojaa maji. Kuna kitu mle majini kisichoonekana kabisa. Umesimama juu ya sanduku, umetulia. Mara maji yanaruka, chubwi. Kimya. Chubwi tena, karibu zaidi, na kila ruko la maji ni hatua moja kuja kwako. Ukitaka kukikwepa, unaruka kutoka sanduku hadi sanduku, na mguu ukiteleza ukagusa maji, kinakufuata. Hapo hakuna zimwi lililochorwa, na mimi niliikamilisha sehemu ile nimesimama wima nyuma ya kiti.

Umesema pia mchana huogopi. Mchana kuna pikipiki, kuna watoto, kuna muuza samaki anapita. Sikio lina mambo mengi ya kushughulikia. Usiku na hedifoni, gemu imelipata sikio peke yake. Gemu ya Hellblade ya mwaka 2017 imejengwa juu ya jambo hilohilo: sauti anazosikia kichwani Senua, mhusika wake mkuu, zilirekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizopangwa kama masikio ya mtu, hivyo moja inakunong'oneza kisogoni na nyingine begani. Watengenezaji walishirikiana na watu ambao kweli wanaishi na sauti za namna hiyo. Bila hedifoni unakosa nusu ya mchezo.

Kwa hiyo nakuomba usizime sauti. Ukizima, unabaki na mtu anayefungua milango. Vua hedifoni sikio moja, punguza sauti kidogo, na ukifika kwenye ule mraba mwekundu ukutani, hifadhi mchezo wako, upumzike, unywe maji. Na kama bado usiku unakulemea, mwambie kaka yako akae humo chumbani. Ila asiongee.