Mtoto anayetapika kila akipanda gari: anza na macho, tumbo litafuata

Mtoto akitapika garini, watu wazima hulilaumu tumbo. Anyimwe maziwa, alambishwe limau, asafiri na njaa ili asiwe na cha kutapika. Tumbo halina kosa, linatii amri tu. Ugomvi uko juu, kati ya macho na sikio.

Ndani kabisa ya sikio kuna mirija mitatu midogo yenye majimaji, pamoja na vifuko viwili, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kila mwili unapogeuka, unapoongeza mwendo au unaposimama. Gari likikata kona, sikio linasema "tunakwenda." Macho ya mtoto wa miaka miwili yanatazama mgongo wa kiti cha mbele, kitu kisichosogea, nayo yanasema "tumekaa." Ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na roho inaanza kuchafuka. Dereva huwa hatapiki kwa sababu anaiona kona kabla hajaifikia. Mtoto haoni chochote. Amekaa chini, dirisha liko juu ya macho yake, na kama kiti chake kinaelekea nyuma basi anasafiri kama mzigo ndani ya sanduku.

Kabla ya kubadilisha chochote, angalia umri. Tatizo hili huwashika zaidi watoto kuanzia miaka 2 hadi 12 hivi, na chini ya hapo si la kawaida. Mtoto wa miezi minane anayetapika kila safari, mara nyingi ana sababu nyingine: amenyonya akashiba dakika chache kabla ya kufungwa, anakaa amejikunja hadi tumbo linabanwa, au ana maziwa yanayorudi juu hata akiwa nyumbani. Mtoto wa hivyo mnyonyeshe mapema zaidi, mcheulishe vizuri, na hakikisha mkanda wa chini umelala kwenye nyonga, haujapanda tumboni. Akiendelea, aonwe na daktari.

Kutapika ndiyo hatua ya mwisho. Kabla yake kuna dakika kadhaa za onyo, na mzazi anayezijua huokoa nguo, kiti na safari nzima. Mtoto mdogo hawezi kukuambia "nasikia kichefuchefu." Anapiga miayo ilhali hana usingizi. Anaacha kuimba katikati ya wimbo. Rangi inamtoka kuzunguka midomo, jasho jembamba linatokea juu ya mdomo na kwenye paji la uso, mate yanajaa na anameza-meza. Wengine hulia na kujivuta kutoka kwenye mkanda, na mzazi akadhani ni utundu. Wengine hunyamaza kabisa, na hao ndio hutapika bila taarifa. Mtazame wako safari mbili tatu, utajua ishara yake ya kwanza ni ipi, kwa sababu huwa ni ileile. Ukiiona, tafuta pa kusimama sasa hivi, usisubiri kituo kijacho. Akishaanza kumeza mate mfululizo umechelewa, shika kopo.

Sasa kiti, maana hapa ndipo wazazi hufanya uamuzi wa hatari. Ni kweli kwamba mtoto anayetazama mbele huona barabara na anaweza kupata nafuu. Lakini kumgeuza kabla hajafikia kikomo cha uzito au urefu cha kiti chake cha kuelekea nyuma ni kubadilisha matapishi kwa shingo. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili, na gari likigonga kwa mbele, kiti kinachoelekea nyuma kinabeba kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Matapishi yanaoshwa. Mwache aelekee nyuma, kisha fanya haya mengine: soma kitabu cha maelekezo ya kiti uone kama kinaruhusu kusimikwa wima zaidi kwa umri wake, ondoa pazia na mizigo kwenye kioo cha nyuma ili aone mbali, na kama gari na kiti vinaruhusu, kiweke katikati ya kiti cha nyuma. Asikae mbele. Kiti kinachoelekea nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Kwa mtoto ambaye tayari anaelekea mbele kihalali, katikati ndiyo sehemu bora, kwa kuwa anaona barabara kupitia kioo cha mbele. Kioo cha pembeni ni kibaya kuliko kinavyodhaniwa: nguzo, miti na magari yanampita karibu na kwa kasi, na macho yanayumba kuyafuata. Kivuli cha kunata cha rangi nyepesi kwenye kioo hicho kinapunguza vurugu na jua pia.

Simu na vitabu vya picha viondoke. Najua simu ndiyo inayomnyamazisha, lakini ndiyo inayomtapisha pia, maana inayafunga macho kwenye kitu kisichosogea huku mwili ukitikiswa. Badala yake tumia masikio: nyimbo, hadithi, kubahatisha mlio wa mnyama. Michezo ya kutazama iwe ya vitu vya mbali, lori lililo kule mbele au mlima, si kitu kilicho mkononi.

Usingizi ni dawa nzuri kuliko nyingi zinazouzwa, kwani macho yakifumba ugomvi unapungua. Panga safari ndefu ianguke kwenye saa yake ya kulala mchana, au ondokeni alfajiri akiwa bado na usingizi.

Chakula kina nafasi yake, ila ndogo. Tumbo tupu linachafuka upesi kama lililoshiba sana. Mpe chakula chepesi kikavu saa moja hadi mbili kabla ya kuondoka: mkate, wali mweupe, biskuti zisizo na krimu, ndizi. Vyakula vya mafuta, glasi kubwa ya maziwa na juisi tamu vingoje mfike. Njiani apewe maji kidogo kidogo. Pipi ngumu asipewe, hata kama mtu amekwambia za tangawizi zinasaidia. Kwa mtoto mdogo, ndani ya gari linalotikisika, zinaweza kumkaba koo.

Joto na harufu humaliza kazi iliyoanzwa na macho. Poza gari kabla hajaingia, fungua hewa safi imfikie yeye huko nyuma, na toa kile kimanukato kinachoning'inia kwenye kioo. Koti zito livuliwe: linamchemsha, na pia linazuia mkanda kukaza inavyopaswa.

Dereva naye ana sehemu yake, na mara nyingi ndiye asiyependa kuisikia. Kinachoumiza zaidi ni mabadiliko ya mwendo. Achia mafuta mapema badala ya kukanyaga breki mwishoni, punguza kabla ya kona na si ndani yake, acha nafasi kubwa na gari la mbele ili usiwe unafuata mwendo wake wa kukata-kata. Magari ya umeme yanayojifunga breki yenyewe unapoachia pedali ya mwendo yanasumbua abiria wengi; kama mipangilio inaruhusu, punguza nguvu ya breki hiyo. Simameni walau kila saa, na kwa mtoto aliyezidiwa hata kila nusu saa. Mtoto ashuke, atembee kwenye ardhi isiyosogea dakika 10 hadi 15, rangi irudi usoni ndipo mwendelee. Kumrudisha garini akiwa bado mweupe ni kujitafutia kazi.

Mfuko wa dharura ukae mahali ambapo mkono wa mtu mzima unafika, si kwenye buti. Weka jozi mbili za nguo, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki wa kufunga. Ukitoa nguo safi, mfuko huohuo unapokea chafu. Ongeza taulo mbili, vitambaa vyenye unyevu, chupa ya lita moja ya maji ya kuoshea iliyo tofauti na ya kunywa, fulana moja ya mtu mzima (watu husahau kwamba matapishi huruka), na kopo pana lenye mfuniko lililotandikwa mfuko mwembamba ndani. Kopo linashinda mfuko mtupu kwa sababu halijikunji mtoto anapoinama, na mifuko ya plastiki isiachwe mikononi mwake, inaweza kumziba pumzi. Mfundishe nyumbani wakati wa kupiga mswaki: ainamie kopo, ateme maji ndani. Siku ya siku, mwili utakumbuka.

Taulo la kukinga nguo liwekwe kifuani baada ya mkanda kufungwa na kukazwa. Lisipite chini ya mkanda, na usimkalishe juu ya taulo nene au godoro lisilotoka kwa mtengenezaji wa kiti, kwa sababu nguo hizo hubonyea wakati wa ajali na mkanda unabaki umelegea.

Akianza kutapika, aliyekaa naye amshike paji la uso kwa kiganja kimoja na kuweka kopo chini ya kidevu kwa mkono mwingine, kichwa kiiname mbele. Kwenye kiti kilicholala, mgeuze uso pembeni. Dereva aliye peke yake asijipinde kwenda nyuma gari likiwa linakwenda. Awashe taa za tahadhari, aegeshe mahali salama, kisha ahudumie. Mtoto aliye macho na aliyekaa wima hulia na kukohoa, na kilio hicho ni habari njema, maana kinaonyesha hewa inapita.

Usimpe kinywaji palepale. Mfute, msuuze mdomo, subiri dakika 10 hivi, kisha kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, cha maji au maji ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji (ORS), kila baada ya dakika chache. Kikombe kizima kwa mkupuo kitarudi.

Kusafisha kiti kuna sheria moja inayovunjwa karibu kila nyumba: mikanda isilowekwe, isitiwe kwenye mashine ya kufulia wala kupakwa klorini. Nyuzi zake hudhoofika na hutaona kwa macho. Ifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha iache ikauke kivulini. Kifungio kikijaa uchafu hakitalia "klik". Viti vingi vinaruhusu kukichovya kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu huku ukibonyeza kitufe mara kadhaa, bila sabuni wala mafuta ya kulainisha. Piga picha kabla ya kuvua kitambaa cha kiti, la sivyo utakesha ukitafuta mkanda ulipita tundu gani. Kwenye viti vya gari, kwanza kwangua, kisha gandamiza kwa kitambaa chenye maji baridi. Ukisugua unaingiza zaidi, na maji ya moto hugandisha protini ya maziwa kwenye nyuzi. Mwisho nyunyiza bakingi soda, iache usiku kucha, uinyonye kwa mashine.

Dawa zipo, na kwa mtoto anayetapika kila safari hakuna aibu kuzitumia, mradi daktari au mfamasia amejua uzito wake na dawa nyingine anazokunywa. Inayotumika sana kwa watoto wa kuanzia miaka 2 ni dimenhidrineti. Kipimo cha kawaida cha miaka 2 hadi 5 ni miligramu 12.5 hadi 25 kila saa 6 hadi 8, isizidi miligramu 75 kwa siku, na dozi ya kwanza hutolewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Akishaanza kutapika, itatoka pamoja na matapishi. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha jikoni, na soma chupa, kwa kuwa nguvu ya dawa ya maji hutofautiana. Jaribu kwanza siku mkiwa nyumbani: watoto wengi husinzia, lakini wapo wanaochangamka hadi kupanda kuta, na hilo hutaki kuligundua barabarani. Usiichanganye na dawa ya mafua au kikohozi bila kuuliza, nyingi zina dawa ya kundi hilohilo na dozi inakuwa mara mbili.

Promethazini, dawa nyingine ya kichefuchefu, haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, inaweza kumzuia kupumua. Vibandiko vya skopolamini, dawa ya kichefuchefu inayobandikwa kwenye ngozi, si vya watoto wadogo. Ondansetroni iliyomsaidia alipoharisha na kutapika haizuii kichefuchefu cha gari, maana inafunga njia nyingine. Bangili za kubana kifundo cha mkono zina ushahidi dhaifu. Ukitaka kuzijaribu, zisikaze na zisiwe na kidude kinachong'oka.

Kati ya safari kubwa, mzoeshe. Dakika 5 kwenye barabara iliyonyooka, mara kadhaa kwa wiki, mwisho wake pawe mahali anapopapenda. Akistahimili bila kupiga miayo, ongeza dakika chache. Rudi nyuma kidogo akizidiwa. Kuna mtoto ambaye ameshaanza kulia akiona mlango wa gari tu, na huyo anza naye gari likiwa limezimwa: akae, aimbe, ashuke.

Mpeleke kwa daktari mapema kama kutapika kunaendelea saa kadhaa baada ya safari kwisha, kama anatapika asubuhi nyumbani bila gari, anaumwa kichwa, anainamisha kichwa upande mmoja au anayumba anapotembea. Matapishi ya kijani au yenye damu, shingo ngumu, au usingizi mzito usioamshika hayangoji miadi, ni hospitali moja kwa moja. Vilevile nepi kavu kwa saa 6 hadi 8, kulia bila machozi na macho yaliyozama. Mweleze daktari pia kama kuna kipandauso katika familia, na mchukulie video fupi ya mtoto anavyokuwa kabla ya kutapika. Itamwambia mengi kuliko maelezo.