Kwa nini Mtera yenye ziwa kubwa hutoa megawati 80 tu?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nasomea umeme chuoni Iringa. Nikipita juu ya bwawa la Mtera kwenda Dodoma naona maji hadi macho yanachoka, lakini kituo chake ni cha megawati 80. Kidatu, bwawa dogo kabisa, ni 204. Je, Mtera ilikosewa? Na mbona tunaambiwa kina kimefika mwisho wakati maji bado yapo?

JIBU: Marahaba. Haikukosewa. Macho yako yamepima upana wa maji, na mashine haijali upana. Inajali mambo mawili: maji kiasi gani yanapita kila sekunde, na yanaanguka kutoka kimo gani.

Chukua kalamu. Zidisha 9.81 kwa mita za ujazo kwa sekunde, kisha kwa mwanguko kwa mita, kisha kwa ufanisi wa mashine, tuseme 0.9. Jibu ni kilowati. Kidatu mwanguko ni kama mita 175, kwa hiyo kila mita moja ya ujazo kwa sekunde inakupa takribani kilowati 1,545. Mtera mwanguko ni kama mita 100. Maji yaleyale yanatoa kilowati 880 hivi. Ukitaka kushangaa zaidi, nenda Kihansi: kibwawa tu, lakini mwanguko unazidi mita 800, na mashine tatu zinatoa megawati 180.

Sasa, ziwa lile la nini? Kidatu hutunza mita za ujazo zipatazo milioni 125. Mashine zake nne zikizunguka kwa nguvu zote zinameza kama mita za ujazo 130 kwa sekunde, hivyo bila maji mapya bwawa halimalizi wiki mbili. Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa yote mawili, nao si wa kutegemea kiangazi. Tangu 1993 umekuwa ukikatika ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mtera, iliyo juu ya Kidatu kwenye mto huohuo, ndiyo ghala lake. Inapokea masika na kuachia kiangazi, na mashine zake mbili za megawati 40, zilizoanza 1988, zinayachuma maji hayo yakiwa njiani. Bwawa lenyewe lilitangulia kituo kwa miaka kadhaa, jambo ambalo wengi hawalijui.

Kuhusu kina: ukisikia "mita 693", hicho si kina cha ziwa, ni kimo juu ya usawa wa bahari. Mtera imejaa ikifika 698.5, na mpaka wa chini ni 690. Kwa hiyo ghala lote ni mita nane na nusu tu za juu, zilizotandazwa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600. Na kwa jua la kule, ziwa pana namna hiyo hupoteza maji mengi sana kwa mvuke. Na maji hayatumiki hadi tone la mwisho: yakishuka hadi kukaribia mdomo wa handaki linaloyapeleka kwenye mashine, yanazunguka na kuvuta hewa, na hewa hiyo inatikisa na kuumiza mashine.

Ungeongeza mashine Mtera ungepata megawati nyingi kwa muda mfupi, halafu ukakaa kusubiri mvua. Unaoleta maji ni mto, na mto haukuongezeka.