Ukiombwa kuandika wasifu wa muuza baa

Mjomba, ndivyo sote tulivyomwita, alikaa kaunta ya baa moja pale Chumbageni miaka 22. Alipofariki, wenzangu wa meza ya ukutani wakanisukumia kazi ya kuandika wasifu wake, eti mimi ndiye mwenye kalamu. Na wewe yakikukuta, nikwambie nilipoteleza.

Mara ya kwanza niliandika: "Marehemu alijishughulisha na biashara binafsi." Nikajiona nimemsitiri. Tanga unaijua. Wateja wake wengi waliingia kwa mlango wa uani, na mchana mkipishana na baiskeli kule Ngamiani mnasalimiana kana kwamba jana hamkukaa meza moja. Nikaenda Muheza kumsomea dada yake mkubwa. Hakuningoja nimalize.

"Biashara gani hiyo, mwanangu? Mdogo wangu aliuza bia. Hakuiba bia."

Kumbe aibu ilikuwa yangu, wenyewe hawana. Basi kazi ya mtu itaje kwa jina lake, kisha useme aliifanyaje.

Hapo kwenye "aliifanyaje" usiwe na haraka. Achana na "alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu". Kila marehemu husomewa hayo, hata yule tuliyekuwa tukimkimbia. Sema mikono yake ilifanya nini. Mjomba alijua nani anakunywa ya moto na nani ya baridi, hakukuuliza mara ya pili. Alifungua chupa mbele ya macho yako. Tupu hakuziondoa mezani mpaka umezihesabu mwenyewe, ndiyo maana pale sikuwahi kusikia ugomvi wa bili. Ukizidiwa, ufunguo wa pikipiki unaingia kwenye droo chini ya kaunta, unaitiwa bodaboda. Ukibisha, anakujibu kwa upole: "Njoo tuugombee kesho asubuhi." Yeye mwenyewe alikunywa soda ya tangawizi.

Sikuyajua yote hayo. Nilimfuata mchoma nyama, mlinzi, na binti anayeosha glasi. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeniambia kuwa nauli za usiku zile, mara nyingi alilipa Mjomba. Mimi miaka yote nilidhani ni ofa ya baa! Kwa hiyo waulize waliofanya naye kazi kabla ya kuwauliza waliokunywa naye. Sisi wateja kumbukumbu zetu zina ukungu.

Lakini si kila unachosikia kisomwe. Mtu wa kaunta anasikia ndoa za watu, madeni yao, na machozi yao ya saa sita usiku, na Mjomba aliondoka nayo yote. Kuna kisa kimoja kizuri mno, kingechekesha makaburini pote, ila mhusika alikuwa amekaa mstari wa pili na mkewe. Nilikifuta. Halafu ukurasa mmoja unatosha, watu wamesimama juani.

Sasa deni, maana hili wengi tunalikwepa. Pale kwetu mtu wa kaunta anakabidhiwa mzigo, kukifungwa anahesabiwa, pungufu linakatwa kwenye mshahara wake. Ile "niandikie, Mjomba" uliyokuwa ukisema ilitoka mfukoni mwake, tajiri wala hakuguswa. Makaburini ikatangazwa kama kawaida: mwenye kudai au kudaiwa aonane na familia. Tukatazama viatu.

Usilifiche deni ndani ya bahasha ya rambirambi ukajiona umemaliza. Rambirambi ni yako kutoa, deni ni lao kudai. Nenda kalitaje kwa mdomo wako.

Nilienda siku ya tatu, turubai lilikuwa linashushwa. Nikamwamkia yule dada, nikamwambia nadaiwa. Akaingia ndani, akatoka na daftari la Mjomba, kava limevimba kwa maji ya barafu. Majina yetu hayamo, kuna lakabu tu: Fundi, Mzee wa Bandari, Mwalimu Keshokutwa. Akapitisha kidole taratibu ukurasa hadi ukurasa.

"Miwani," akasoma. "Za moto tatu, na mshikaki. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

Akazihesabu noti mara mbili, akachomoa kalamu kwenye daftari la rambirambi, akapiga mstari.